Mama mkwe ananituma vyombo nisivyovijua. Niulize au nibahatishe?

BiMvita
Wanajamvi, hamjambo. Mimi mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Mtwara, mwaka wa pili huu. Mjini sikupata tabu, mume wangu aliwahi kufanya kazi kwetu na maneno yangu ameyazoea. Tabu imeanza tulipopanda Newala kwa mama mkwe msimu huu wa korosho.

Siku ya kwanza kaniambia, "Mwanangu, bandika maji." Nikasimama na sufuria mkononi nikiwaza maji yanabandikwaje, na kwa gundi gani. Kwetu maji yanatelekwa.

Siku ya pili anatoka kwenda kuteka maji, akaniambia nimpe kata. Nikakimbia jikoni, nikaja na kata, kile kifuu chenye mpini, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akakitazama, akanitazama. Akachukua kipande cha kanga kuukuu, akakizungusha, akakitupia ndani ya ndoo, akaenda zake. Hakusema neno. Bora angesema. Mimi hiyo ya kichwani naijua kwa jina la ngata.

Nami nikamtuma wifi dukani aniletee leso nijifunge nikipika. Kaja na kitambaa cha kufutia kamasi! Nyumba nzima ilicheka, hata mume wangu ambaye leso yetu anaijua fika.

Sasa nishaurini. Nilivyolelewa mimi, mkaza mwana anayeulizauliza huonekana hakufunzwa kwao.

Pwani_Mikindani
Pole shemeji. Kwenye kata hakuna aliyekosea, kamusi inazo zote mbili, ya kutekea maji na ya kutwikia mzigo. Ila kumbuka uko mlimani huko. Miaka na miaka maji ya Newala yalifuatwa bondeni, unashuka na chombo kitupu, unapanda nacho kichwani kimejaa. Mtu aliyekulia hivyo ukimtajia kata anawaza utosi wake, hawazi mtungi.

BiMvita
Mtungi upi tena? Kwetu mtungi siku hizi ni hilo galoni la plastiki la lita 20.

Fundi Chelewa
Hahaha, hilo ni dumu. Usije ukaagiza mtungi hapa mjini, utaletewa wa gesi na bili juu.

mlakorosho
Subiri akutume mbuzi 😂

Pwani_Mikindani
Hiyo ya mbuzi tumeichoka. Na wa Mombasa kwa kukuna nazi utamfundisha nini?

Bibi wa Jando
Mwanangu, marahaba kabla hujaniamkia. Usibahatishe. Kubahatisha ndiko kunakoleta kata kwa kata. Lakini usimuulize "hicho ni nini", utamfanya ajione kasema vibaya nyumbani kwake. Muulize kazi yake: "Mama, cha kufanyia nini?" Akisema cha kupepetea, basi ungo wake ndio uteo wako. Akisema mawe ya kuwekea chungu, mafiga yake ndiyo mafya yako. Na usimuulize mbele ya wageni.

Mzee wa Ruangwa
Bibi kasema vyema, lakini mimi naona mnamchosha huyo mama. Mke wangu mtu wa Pemba. Nilipomleta nyumbani alikaa jikoni na dada zangu usiku mmoja tu, akawa anashika kitu kimoja kimoja, hiki mnakiitaje, kile mnakiitaje, wanacheka mpaka wamechoka. Asubuhi akaamka mwenyeji. Wifi yako tayari kakucheka, huyo ndiye mwalimu wako.

Halafu kitu kingine. Kama mkwe wako ni wa Newala hasa, huenda Kiswahili si lugha aliyonyonya, amenyonya Chimakonde. Hilo neno bandika naye alifundishwa na mtu. Msidhani yeye ndiye mwenye Kiswahili na mkamwana ndiye mgeni, wote wageni hapo.

BiMvita
Mzee, hili sikuwahi kulifikiria. Usiku huwa namsikia akizungumza na jirani yake, maneno yanamtoka kama maji. Akinigeukia mimi anapunguza mwendo. Nilidhani ananionea huruma.

Fundi Chelewa
Tupe mrejesho.

BiMvita
Mrejesho huu hapa. Nimeanza na njia ya Bibi. Jana jioni umeme ukakatika, giza totoro. Mama akasema, "Mkamwana, washa chemli." Nikamuuliza kwa adabu zote, "Mama, ya kufanyia nini?"

Akanyamaza kidogo, akajibu, "Ya kuonea, mwanangu."

mlakorosho
🤣🤣🤣

Pwani_Mikindani
Chemli ndiyo fanusi yenu, shemeji. Kiberiti unakijua lakini?

BiMvita
Kibiriti nakijua.