Begi la bi harusi limekuwa mashindano: wa kulaumiwa ni wasanii au ni sisi wenyewe?

Binti Mlandege: Assalamu alaykum. Nauliza kwa uchungu. Begi la bi harusi, lile analopeleka bwana harusi, lilikuwa kanga, buibui, udi, viatu, basi. Sasa msichana anamuonesha mchumba harusi ya msanii Instagram, anataka begi kama lile, droni juu ya ukumbi, na sare mbalimbali za hina, akdi na kupamba. Kijana anaingia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, akishindwa kulipa wanambebea vitu vya ndani. Wasanii wametuharibia watoto.

Kaka wa Fuoni: Wasanii msiwasingizie. Mnaoshindana ni nyie kina mama. Asiyevaa sare ukumbini hata hakaribishwi kiti. Na hawa jamaa wa Pemba, karafuu zikishauzwa tu, mjini hapakaliki.

Mwana wa Konde: Karafuu unazijua wewe? Ushawahi kupanda mkarafuu? Unachuma kutwa, usiku unachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mpaka vidole vyeusi, unaanika jamvini, wingu likitanda unakimbia kuanua. Fedha ile inasomesha watoto. Kwetu mtu akioza mtoto wake, majirani wanaleta mchele na kuni. Mambo ya ukumbi tumeyakuta kwenu Unguja.

Binti Mlandege: Jamani, mada si karafuu.

Mwana wa Konde: Kaanza yeye.

Bi Mkubwa Kikwajuni: Wanangu, umaarufu peke yake si ubaya. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, katoka Fumba akiuza vyungu, mwaka 1928 akarekodi Bombay. Bi Kidude, naye mwimbaji wetu, kapewa tuzo ya muziki ya kimataifa ya WOMEX 2005, na mpaka anafariki 2013 hakujifanya mkubwa kwa mtu. Walijulikana kwa kazi. Leo mtu anajulikana kwa gari, na haulizwi kalipataje.

Mpenda Haki: Shikamoo Bi Mkubwa. Lakini kwenye taarabu si ndiko tulikojifunza kutunza, kumtuza mwimbaji fedha mbele za watu? Mtu anainuka na noti mkononi, anacheza mpaka mbele, hasimu wake amuone. Wakati huo Instagram ilikuwa wapi?

Bi Mkubwa Kikwajuni: Marahaba. Tulitunza, sikatai, na kukomoana kulikuwepo. Ila ilikuwa fedha ya upatu wangu. Hakuna aliyekuja kunibebea makochi kwa sababu ya kutunza.

Mpenda Haki: Kwa hiyo fahari ruhusa, deni ndio haramu?

Mwana wa Konde: Mie bado namsubiri Kaka wa Fuoni. Asitupakazie kisha akanyamaza.

Kaka wa Fuoni: Sijanyamaza. Nimeletewa orodha ya begi, ndani mna iPhone na seti ya dhahabu. Nikasema sina. Nikajibiwa kuna mwanamme wa Chake, Pemba, kaoa mtaa huo huo na kaleta vyote. Unadhani nijisikieje?

Mwana wa Konde: Basi mseme huyo mmoja, usitubebeshe kisiwa kizima.

Binti Mlandege: Pole kaka yangu. Hiyo orodha kaiandika mchumba au mama yake?

Kaka wa Fuoni: Shangazi yake. Na mchumba anasema nisimuudhi shangazi.