Mgeni akimaliza wa kwanza, ubingwa wa taifa ni wa nani?

Karani wa Meza (mwanzisha mada):
Wadau, mada ni hii. Kila vyama vinapoandaa ubingwa wa taifa linazuka swali lile lile: mlango uwe wazi kwa wachezaji wa nje, au wacheze wenye nchi peke yao? Nikisema wazi, nina maana ya yeyote aliyelipa ada na kusajiliwa na chama chake, awe anatoka Kampala, Lubumbashi au Lusaka. Mimi niko upande wa kufungua, ila kwa masharti. Naomba tusirushiane uzalendo mtupu. Semeni mchezo wenu unaendeshwaje, mgeni akiingia nini kinaharibika, na kinatengenezwaje.

Fimbo Saba:
Kwenye gofu kesi hii ilishafungwa. The Open ya Uingereza ilianza 1860 pale Prestwick, Scotland, na wachezaji wanane wa kulipwa. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa dunia nzima. Kenya Open ilianza 1967, Seve Ballesteros akaichukua 1978, na tangu 2019 imo kwenye ziara kuu ya Ulaya, yaani mfululizo wa mashindano ya kulipwa. Hakuna Mkenya aliyewahi kuitwaa, na bado Kenya ina mabingwa wake, kwa sababu wachezaji wa ridhaa wana mashindano yao ya taifa pembeni.

Sababu ya kimchezo ni hii: kwenye gofu unapambana na uwanja. Mgeni akimaliza kwa mikwaju 66 hajakuongezea wewe hata mkwaju mmoja. Anachokula ni nafasi kwenye mchujo baada ya mashimo 36, na muda wa kuanza. Huo muda ndio watu wanaousahau. Kwetu karibu na ikweta mwanga ni saa 12 tu, mwaka mzima. Chukua wachezaji 144 wakicheza watatu watatu: makundi 48. Yagawe kwenye shimo la 1 na la 10, nusu asubuhi, nusu mchana. Yanabaki makundi 12 kwa kila upande kwa kila awamu, yakipishana dakika 10. Awamu ya kwanza inaanza saa 12:40 asubuhi na kundi lake la mwisho linatoka saa 2:30. Awamu ya pili haiwezi kuanza mpaka wa awamu ya kwanza, wanaobadilishana upande baada ya mashimo tisa, wapite, kwa hiyo weka saa 5:20 mpaka saa 7:10 mchana. Mzunguko wa watatu ni kama saa tano, kundi la mwisho linaingia saa 12:10 jioni. Umebakiwa na dakika chache sana. Mvua ikinyesha nusu saa, watu wanamalizia kesho alfajiri. Basi idadi ya wageni iamuliwe na jua kwanza, maneno mengine baadaye.

Kipima Upepo:
Fimbo, usituletee raha za gofu. Riadha ina njia nane, na njia haziongezeki kwa barua ya katibu. Fainali ya mita 100 mgeni akipata njia, kuna mzawa wa tisa anayekaa jukwaani. Kwenye kuruka chini ndiyo mbaya zaidi: wakiwa zaidi ya wanane, kila mmoja anaruka mara tatu, kisha wanane bora wanapewa miruko mitatu mingine. Wageni wawili wakiingia kwenye hao wanane, wazawa wawili wamenyang'anywa miruko mitatu kila mmoja. Na wengi huruka vizuri zaidi wakishazoea kibao, kwenye mruko wa nne au wa tano.

Pamoja na hayo, mimi ni wa kufungua. Mbio ndefu za taifa zikifungwa zinageuka mbio za kuviziana. Mita 10,000 wanakimbia mizunguko 20 wakitazamana, halafu wanachomoka mitano ya mwisho. Bingwa amepatikana, lakini muda haumpeleki popote, na mwanariadha wetu anahitaji muda wa kufuzu. Mleteni Mganda mmoja au Wakenya wawili wenye kasi ya kweli, mbio zinavutwa tangu mwanzo.

Hata Wakenya walianza hivyo. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro alikimbia maili tatu kwenye ubingwa wa chama cha riadha cha Uingereza pale White City, London, mashindano yaliyokuwa wazi kwa wageni. Akamaliza wa tatu nyuma ya Fred Green na Chris Chataway. Mlango ule ungekuwa umefungwa, Waingereza wangemsoma kwenye gazeti tu.

Tiba yangu: kuruka na kutupa, mgeni awe wa ziada. Wazawa wanane wanaendelea, na mgeni aliyestahili anaendelea juu yao, hata wakifika kumi. Mbio fupi, mgeni aishie fainali B. Mbio za mita 1,500 kwenda juu, aingie bila kizuizi.

Raketi:
Kwenye mchezo wa mtoano hakuna tiba ya namna hiyo. Droo ya wachezaji 32, weka wageni wanne. Ukiwatawanya robo zote nne, nusu fainali inaweza kuwa ya wageni watupu. Ukiwarundika robo moja, wazawa wa robo hiyo wameuawa ili wengine wapite kiulaini. Na mzawa namba mbili akikutana na mgeni raundi ya kwanza akatoka, utajuaje alikuwa wa pili au wa ishirini? Tenisi, mpira wa meza, vinyoya: fungeni ubingwa, kisha wiki mbili baadaye fanyeni mashindano ya wazi, waje hata kutoka Muscat.

Kete Nyeusi:
Nimengoja mfike kwenye chesi, maana hapa ndipo uharibifu haueleweki kwa macho.

Tunacheza mfumo wa Uswisi, kwa kawaida raundi 9. Hakuna anayetolewa, kila raundi unapangwa na mwenye pointi kama zako. Kwa hiyo watu wanadhani mgeni hana madhara: acha acheze, mwishoni unamruka kwenye jedwali na kumpa taji mzawa aliye juu. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu mgeni ameshapanga upya nani alikutana na nani.

Tazameni mfano wa kubuni. Wazawa wawili, A na B, wanamaliza na pointi 6½ kila mmoja. Hawakukutana, kwa sababu kila walipokuwa sawa kwa pointi walikuwa wameshikwa na wageni. Kigezo cha kwanza, matokeo yao wenyewe kwa wenyewe, hakipo. Tunakwenda kwenye Buchholz, yaani jumla ya pointi walizomaliza nazo wapinzani wako wote. A alifungwa na mgeni aliyemaliza na 8. B alimfunga mzawa aliyemaliza na 4. Kwenye meza hizo mbili, A aliyefungwa amevuna 8 za Buchholz, B aliyeshinda amevuna 4. Wapinzani wengine wakiwa wamelingana, A ni bingwa wa taifa kwa kufungwa na mtu mzuri! Si wizi, ni hesabu. Ila ni hesabu iliyotengenezwa na mtu asiyegombea taji.

La pili, mgeni mwenye tiketi ya ndege. Akiondoka baada ya raundi ya 6, michezo asiyocheza inakokotolewa kwa kanuni maalumu, na waliocheza naye mapema Buchholz zao zinayumba.

Waingereza waliyapitia haya. Ubingwa wao ulikuwa wazi kwa Jumuiya ya Madola. Mir Sultan Khan, mtu wa Punjab, aliuchukua 1929, 1932 na 1933. Mwaka 2002 akaubeba Mhindi, Ramachandran Ramesh, na 2003 Mhindi mwingine, Abhijit Kunte. Kuanzia 2004 wakaufunga, wakabaki Waingereza na Waayalandi. Wamarekani wana njia yao: ubingwa wa Marekani ni mashindano mengine, na U.S. Open ya chesi ni mengine kabisa.

Karani wa Meza:
Kete, lakini ukifunga wachezaji wetu watapataje alama (norm) za kutafuta hadhi ya kimataifa? Si lazima wacheze na wageni?

Kete Nyeusi:
Ni kweli kwa mashindano ya kawaida: huwezi kupata alama ukicheza na watu wa chama kimoja tu. Lakini FIDE, shirikisho la chesi la dunia, imeusamehe mzunguko wa mwisho wa ubingwa wa taifa sharti hilo la wageni. Kinachobaki kutukwamisha ni sharti la wapinzani wenye hadhi. Ili upate alama ya IM (bingwa wa kimataifa) unahitaji kucheza na ma-IM au ma-GM (mabingwa wakuu, hadhi ya juu zaidi) wasiopungua watatu, na kiwango chako kwenye mashindano hayo kifike 2450. Hao watatu tunawatoa wapi? Ndiyo maana nasema mashindano ya wazi tunayahitaji, tena sana, ila yawe Pasaka, na ubingwa uwe mwezi mwingine.

Kipima Upepo:
Na hela ya mara mbili, mkuu? Ukumbi mara mbili, waamuzi mara mbili, malazi mara mbili? Chama kinachohangaika kulipa saa za chesi kitaandaa matukio mawili?

Katibu wa Wilaya:
Hapo Kipima amegonga penyewe. Kwa chama maskini, ada za wageni ndizo zinazolipia ukumbi, na mdhamini anatoa fedha akiona bendera nyingi.

Lakini mmeruka swali la kwanza kabisa: mgeni ni nani? Kuna uraia, kuna ukaazi, kuna usajili wa chama, na vitatu hivyo havifanani. Ubingwa wa tenisi wa Ufaransa mpaka 1924 ulikuwa wa wanachama wa klabu za Ufaransa. Bingwa wa kwanza, 1891, alikuwa H. Briggs, Mwingereza mkaazi wa Paris. Waliufungua kwa wageni 1925. Kwa hiyo "umefungwa" kwao ilikuwa klabu, haikuwa pasi ya kusafiria.

Sasa chukua kijana wa Kirundi aliyezaliwa kambini Kigoma, amesoma hapa, anacheza mashindano ya mkoa. Ukifunga kwa uraia, umemtoa. Ukifunga kwa ukaazi, umemwingiza, na umemwingiza pia mfanyakazi wa kampuni ya kigeni mwenye kibali cha miaka miwili. Mimi nasema: taji kwa raia, au mkaazi wa miaka mitatu mfululizo ambaye hakuwakilisha nchi nyingine katika muda huo. Ushahidi uletwe siku 14 kabla ya droo. Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu watu wanakaguliwa karatasi baada ya fainali, kombe liko mezani.

Fimbo Saba:
Mfano wa karibu: Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar. URA ya Uganda walilibeba 2016, hakuna aliyelalamika kwamba ubingwa wa Zanzibar umekwenda Kampala, maana ligi ya Zanzibar ipo na bingwa wake yupo. Mlandege wa hapo hapo wakalichukua 2023 na 2024, tena 2024 kwa kumfunga Simba fainali. Wageni waliwakomaza.

Karani wa Meza:
Basi niandike kifungu, mkichane. "Mashindano ni ya wazi. Taji la taifa, medali za taifa na nafasi za timu ya taifa ni za waliothibitishwa siku 14 kabla. Zawadi ya fedha: asilimia 70 kwa wazawa, 30 kwa msimamo wa jumla, na hakuna anayelipwa kote kuwili. Michezo ya mtoano haihusiki na kifungu hiki."

Raketi:
Sentensi ya mwisho imenitosha.

Kete Nyeusi:
Kwangu bado. Ongeza: "Wazawa wakilingana kileleni, Buchholz haitumiki. Watacheza michezo miwili ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, wakibadilishana rangi. Wakilingana tena, miwili ya dakika 3 na sekunde 2." Na uandike nani anamlipa mwamuzi anayebaki, maana raundi ya 9 ikiisha saa 11 jioni, ukumbi umekodiwa mpaka saa 12.

Kipima Upepo:
Na mimi nataka neno "ziada" liandikwe waziwazi kwa kuruka na kutupa. Lisipoandikwa, mwamuzi wa uwanjani atafuata kanuni ya wanane, na atakuwa na haki.

Katibu wa Wilaya:
Asilimia 70 sikubali bado. Mgeni anayetoka Lubumbashi kwa basi atakuja kugombea 30? Anza na 50 kwa 50, tuone wanaokuja ni wangapi.