Blauzi za kina mama wa Kimaya zina maana gani?

Mdadisi: Wadau, nimeona picha za kina mama wa Kimaya, wale wenyeji wa asili wa Guatemala na kusini mwa Meksiko, na zile blauzi zao za rangi kali, huipil, hivi ni fasheni tu au kuna kitu?

Bi Sindano: Si fasheni mpenzi, vijiji vingi vina michoro yao, mtu akikuangalia tu anajua kwenu wapi, na wanafuma bila mashine, nyuzi upande mmoja zinafungwa mtini upande wa pili mkanda unazunguka kiunoni, akirudi nyuma zinakaza.

Kisu: Niongezee, kule Zinacantán, Meksiko, mtoto wa kike akizaliwa anashikishwa vifaa vya kufumia. Na Ixchel, mungu wao wa kale wa uzazi, ndo huyohuyo wa ufumaji.

Mdadisi: Duh, kumbe zinasema kama kanga ila bila maandishi!