Familia ya Cucu: maoni ya ile sinema ya kambi

*Jumapili*

Wambui: Habari za jioni nyote. Mmeshaiona ile sinema ya kutisha niliyowatumia juzi, ya vijana walio kambini kando ya ziwa na mzuka? Ni dakika 84 tu. Tunataka kuwaonyesha watoto wa korti yetu, hizi nyumba zetu za pamoja, Jumamosi, na wengine wana miaka 12. Naomba maoni.

Kevo: Nimeiona. Dakika 40 za kwanza zinashinda bajeti yake. Halafu inaanza kubomoa ilichojenga.

Wambui: Kwa nini?

Kevo: Mpaka hapo tumeona mkono wa mzuka, pindo la gauni lililolowa, na nyayo za maji zinazoishia katikati ya sakafu. Basi. Ghafla dakika ya 43 mzuka anasimama mlangoni, taa imempiga usoni, sekunde 6 nzima. Nimehesabu. Sekunde ya kwanza unaona mtu. Ya tatu unaona rangi. Ya sita unaona wigi linaanzia wapi.

Cucu: Kevo, hapo umenena. Katika hadithi za kwetu Wakikuyu irimũ, yaani zimwi, huja kama kijana mtanashati, na wasichana wote humtaka. Msichana hujua ameangamia pale upepo unapopeperusha nywele na akaona mdomo wa pili kwenye kisogo. Msimulizi hataji meno mangapi wala makucha. Anaacha mtoto alale na huo mdomo.

Wambui: Cucu 😳

Anti Achieng: Asante Mama. Ila mimi naona ninyi mnaongea picha tu, na hii sinema imebebwa na sauti. Imeangushwa na sauti pia. Rudini dakika ya 22, ngazi za bweni. Vyura wanalia ziwani, friji inanguruma, kisha vyote vinafifia polepole kwa kama sekunde 8. Hakuna muziki. Mlango ukigonga, unaruka, na wala haukugongwa kwa nguvu. Kinachomshtua mtu ni ile hatua kutoka kimya hadi kishindo.

Anti Achieng: Sasa linganisheni na dakika ya 58. Muziki umejaa tangu tukio linaanza. Kishindo kinapofika hakina mahali pa kupanda, kwa hiyo wamekisukuma hadi kikapasuka. Masikio yanauma, moyo umetulia.

Wambui: Anti, mimi niliiona kwa simu na sikusikia friji yoyote.

Anti Achieng: Hungeisikia. Ule mvumo uko chini ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, na spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa ya mawimbi marefu hivyo. Ukiangalia kwa simu umeikosa nusu ya sinema. Vaa hata visikizi vya kuziba masikio uone tofauti.

Kevo: Mimi kilichonichosha ni mitego ya uongo. Kuna jina la mtego huo, basi la Lewton, kutoka kwa mtayarishaji Val Lewton na filamu yake ya 1942, Cat People. Mwanamke anatembea usiku akihisi anafuatwa, kimya kinakaza, kisha linaingia basi kwa mlio kama wa mnyama. Unaruka, na ni basi tu. Ukitumia mara moja ni dhahabu, kwa sababu mtazamaji anashusha pumzi na hapo ndipo unampiga kweli. Hawa wameutumia mara 5: paka, rafiki, tawi, simu, tena rafiki. Tena hakuna hata mmoja unaofuatwa na jambo la kweli ndani ya dakika moja. Kufikia wa tatu watoto watakuwa wanahesabu kwa sauti.

Mama Neema: Na sheria ya mzuka imevunjwa. Walituambia anakuja gizani pekee. Ndiyo maana ile sehemu ya kubadilisha balbu inabana roho. Dakika ya 71 anaingia jikoni taa zote zikiwaka. Kutoka hapo balbu haina maana, tochi haina maana, na wale vijana hawana cha kufanya ila kupiga kelele.

Anko Mutua: Nimetoka kazini, nasoma kuanzia juu.

Anko Mutua: Usiku wao pale ziwani ni mchana. Mmeona? Wamepiga saa sita, jua la utosini, kisha wakatia rangi ya samawati. Kivuli kiko chini ya miguu na anga inaonekana juu ya miti, nyeupe pee. Hiyo mbinu ina masharti: jua liwe nyuma ya waigizaji ili liwachore mabega kama mwezi, anga isiingie kwenye fremu kabisa, punguza mwanga kama stopu 2 (kila stopu ni kuukata nusu), na uweke mizani ya rangi ya kamera kwenye kelvini 3200 ili mchana uwe wa bluu. Wamefuata moja kati ya manne.

Anko Mutua: Na kuna jambo limeniudhi zaidi ya hilo. Kijana mweusi wa pekee katika kundi anapotea gizani kila tukio la usiku. Tunaona meno na fulana. Wamepanga taa kwa ngozi za wenzake, wakamwacha. Si kwamba anahitaji taa kali. Ngozi nyeusi usiku unaichora kwa mng'ao: kitambaa cheupe kikubwa pembeni, taa ikipiga kitambaa, na ngozi ipakwe losheni kidogo irudishe mwanga kwenye shavu na taya. Kazi ya dakika 5. Ndiye mwigizaji bora pale, tena.

Mama Neema: Kweli kabisa. Tukio lake la kuomba msamaha kupitia mlango uliofungwa ndilo pekee lililonitoa machozi.

Wambui: Lakini Anko, si hawakuwa na pesa?

Kevo: Pesa si sababu. Ile filamu ya kutisha Paranormal Activity ilipigwa kwa siku 7 ndani ya nyumba ya mwongozaji mwenyewe, Oren Peli, kule San Diego, kwa takriban dola 15,000. Alichofanya ni kukaza kamera kwenye stendi na kuiacha. Ukiangalia chumba kisichosogea, macho yako yanatafuta yenyewe. Hawa wa kambi kamera yao haitulii hata wakati hakuna mtu anayekimbia.

Cucu: Na watoto wa miaka 12? Mbona swali la Wambui mmelipita?

Mama Neema: Samahani Cucu. Ile PG-13 mliyoiona kwenye bango ni alama ya Marekani ya kuwatahadharisha wazazi wa walio chini ya miaka 13, ilianza 1984. Bodi yetu ya kuainisha filamu hapa Kenya, KFCB, ina GE (ya wote), PG (kwa mwongozo wa mzazi), 16 na 18, hakuna 13. Nikiipima kwa yetu, damu ni kidogo, matusi hakuna, mapenzi ni kushikana mikono. Mzuka hautamsumbua mtoto. Kinachonitia wasiwasi ni dakika ya 66, mdogo wa msichana mmoja anapozama. Kamera inabaki juu ya maji karibu dakika nzima na tunasikia anavyoita jina la dadake. Hiyo si hofu ya kubuni. Kuna watoto pale kortini walio na wadogo wao.

Kevo: Ukiikata, mwisho hauna mzizi. Kisa chote kimesimama juu ya huko kuzama.

Mama Neema: Sisemi tuikate. Sauti ishushwe hapo, picha ibaki. Anti amesema mwenyewe nguvu iko kwenye sauti.

Anti Achieng: Inawezekana. Nitashika kitufe mimi. Nitaanza kushusha kabla hajaanguka, kwa sekunde 4 au 5, isionekane kama umeme umepotea.

Cucu: Na wazazi waambiwe mapema kuna mtoto anayezama. Asiyetaka wake aone, amweke nyumbani.

Wambui: Sawa Cucu. Nitawaandikia wazazi leo. Sasa la pili. Neema na wenzake wanataka kupiga sinema yao likizo ya Agosti, dakika 5, kwa simu, ndani ya nyumba. Waanze wapi?

Anko Mutua: Waanze na umeme. Wetu ni hezi 50, kwa hiyo balbu nyingi za LED za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikiachwa ijiamulie itapiga fremu (picha) 30 kwa sekunde, shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, itayumba, na mistari myeusi itatambaa ukutani. Watafute programu ya kamera inayokubali kuwekwa kwa mkono: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde. Hapo kila fremu inapata mipigo miwili kamili ya taa na mistari inaisha. Wafunge pia fokasi na mwanga, la sivyo simu itang'arisha giza lote mtu akizima taa, na chembechembe zijae.

Anko Mutua: Wasijaribu usiku wa nje. Jua letu linazama karibu saa 12 na nusu mwaka mzima na dakika 20 baadaye ni giza totoro, hawatamaliza hata shoti 3. Na Agosti Nairobi ni mawingu, hakuna jua la kuigiza mwezi. Waweke blanketi madirishani wapige usiku saa nne asubuhi. Taa moja, iwe nje ya chumba, iingie kupitia mlango ulio wazi kidogo.

Anti Achieng: Kila chumba wanachopigia, kabla ya kuondoka wote wanyamaze, warekodi ukimya wa chumba sekunde 60. Huo unatandikwa chini ya mazungumzo. Sinema ya kambi haikufanya hivyo. Kwenye tukio la kabatini kila picha ikikatwa hewa inabadilika, unasikia kama mtu anafungua na kufunga dirisha. Na friji izimwe wakati wa kupiga. Funguo za mlango ziwekwe ndani ya friji, hakuna atakayesahau kuiwasha mkitoka.

Kevo: Hiyo ya funguo ni nzuri sana.

Mama Neema: Damu: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, chemsha kama dakika 10 hadi iwe nzito. Wanga wa mahindi kijiko 1 cha mezani, ukorogwe kwanza kwenye maji BARIDI ndio uingie, ukiutia mkavu unapata madonge. Ipoe. Kisha rangi nyekundu ya chakula vijiko 2 vya chai na kakao kijiko 1. Bila kakao inakuwa pinki kama sharubati. Wajaribu mbele ya kamera kwanza, simu huongeza wekundu. Mtu mzima ndiye achemshe, sukari moto huunguza kuliko maji. Na isiguse ukuta mweupe wala kochi, rangi haitoki.

Mama Neema: Usoni wasitumie poda nyeupe. Kwenye ngozi zetu inakuwa majivu, na majivu ni kichekesho. Zambarau iliyochanganywa na kijivu, kidogo, chini ya macho na pembeni ya mdomo. Midomo ipakwe faundesheni ya rangi ya ngozi hadi ipotee. Uso usio na midomo unatosha.

Cucu: Na wamwonyeshe kisogo kwanza.

Wambui: Nimeandika yote. Jumamosi tunaanza saa 1 jioni, projekta ipo. Kebo ya spika kubwa iko kwa nani?

Anko Mutua: Kwa Cucu, droo ya chini ya runinga. Chukua ile nyeusi. Nyeupe imekatika ndani karibu na plagi, inatoa sauti upande mmoja.