Nyumba ya mawe Mji Mkongwe: DHT22, SHT31 au logger ya dukani?

bint_shangani
Wadau, salaam. Nyumba ya familia hapa Unguja inakarabatiwa: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita, juu mabati. Kabla fundi hajagusa madirisha tunataka kujua ndani kunakalika vipi wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Nimebakiwa na chaguo tatu za kupima joto na unyevu: kihisi DHT22 na ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi) za kuunga mwenyewe, kihisi SHT31 kwa LoRa (redio ya masafa marefu), au logger ya dukani yenye betri, inayojiandikia vipimo. Mwasemaje?

fundi_waya
SHT31, bila kujiuliza. DHT22 ni ya bei poa, ila unyevu wa pwani unaichosha mapema. Halafu Wi-Fi kwenye kuta hizo haifiki mbali: ruta ukumbini, chumba cha nyuma hakuna kitu. LoRa inajitahidi.

kombo_site
Umeme wa site ukikatika, hizo zenu za kuunga zinalala. Logger inaendelea kuandika. Mimi nachukua logger.

maalim_K
Nyote mnapima joto la hewa tu. Saa nane mchana ukuta wa chini bado una ubaridi wa usiku, mtu anakaa raha hata hewa ikisoma 30. Panda juu, chini ya mabati: hewa 30 ile ile, na jasho linakutoka kwa sababu paa linakuchoma utosi. Vihisi vyenu vyote vitatu vitasema vyumba hivyo ni sawa! Chochote utakachonunua, ongeza mpira wa ping-pong wa milimita 40, upake rangi nyeusi isiyong'aa, ndani weka DS18B20 (kihisi cha joto), ili usome na mionzi ya kuta na paa. Ukipata na kipima upepo, ndio kabisa.

mlamu_halisi
Dada, usitoboe ukuta, na tepu usibandike, inang'oka na chokaa yake. Kidaka (shimo la ukutani la kuwekea vitu) nacho usikitamani, hewa humo imetuama. Funga uzi kwenye boriti, kihisi kining'inie mita 1.1 kutoka sakafuni, usawa wa kichwa cha aliyekaa.

bint_shangani
Ahsanteni. Maalim, namba zikipatikana nazilinganisha na nini? Naona watu wanataja PMV, ile hesabu ya kukadiria watu watahisi joto au baridi kiasi gani.

maalim_K
PMV ya mtafiti Fanger inafaa zaidi vyumba vya kiyoyozi. Kwa nyumba ya madirisha wazi shika ile ya ASHRAE 55 (kiwango cha Marekani cha raha ya joto ndani ya nyumba): wastani wa joto la nje mara 0.31, jumlisha 17.8. Nje ikiwa 28 unapata kama 26.5, na watu wengi huvumilia mpaka 3.5 juu yake, yaani 30. Linganisha na wastani wa joto la hewa na la mionzi ya kuta na paa, si hewa pekee. Feni ikizunguka, kikomo kinapanda kidogo.

fundi_waya
Kabla ya kuning'iniza, jaribu kihisi kama kinasoma sawa: chumvi ya jikoni, maji kidogo iwe kama uji mzito, kwenye chupa ya mdomo mpana. Kihisi juu yake bila kugusa, funga kifuniko, acha usiku kucha. Unyevu usome asilimia 75. Kinachosoma 85, kirudishe dukani na risiti yake.