Kesadiya za kuku wa kuchoma kwa chakula cha jioni: tupeane uzoefu

Mama Watatu, Houston

Ndugu zangu, habari za jioni. Tangu tuhamie Texas, watoto wangu wamezionja kesadiya kwa majirani wetu wa asili ya Meksiko, na sasa kila Ijumaa wananidai nizipike. Kwa asiyezijua, ni tortiya, yaani mkate mwembamba wa mahindi au wa ngano, unaokunjwa juu ya jibini na kupashwa moto hadi jibini iyeyuke. Kuku ni nyongeza tu, ingawa nyumbani kwangu yeye ndiye mwenye shughuli. Jijini Mexico waweza hata kuuziwa kesadiya isiyo na jibini, jambo ambalo Wameksiko wenyewe hawaishi kulibishania.

Mara ya kwanza nilikiloweka kidari cha kuku katika maji ya ndimu usiku kucha, nikidhani kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyokolea. Asubuhi nyama ilikuwa imepauka kana kwamba imechemshwa, na baada ya kuchomwa ikawa tepetepe nje na kavu ndani. Siku hizi natumia kilo 1 ya mapaja yasiyo na mfupa, ndimu 2, kitunguu saumu, bizari nyembamba, pilipili manga, chumvi na vijiko 3 vya mafuta, kwa saa 1 au 2 tu. Kuku sasa ananipendeza, lakini tortiya bado zinalowa. Wenzangu mnafanyaje?

Bi Mkubwa, Mombasa

Mwanangu, mwenzio niliponzwa na papai bichi. Huku kwetu mishkaki ya ng'ombe twailainisha kwa papai, nami nikaona kuku naye hatalikataa. Baada ya saa 3 vipande vilikuwa vikiponyoka kwenye vijiti kabla ya kufika kwenye mkaa, na wageni wangu siku ile walikula maharage. Tangu hapo kuku namtia mtindi na kitunguu saumu, kisha nampangusa kabla ya kumchoma, kwa kuwa mtindi ukizidi huungua nje huku ndani hajaiva. Kijana wangu aliniletea kipimajoto cha nyama, nikamcheka. Sasa sichomi bila hicho. Kikifika nyuzi 74 za Selsiasi pale penye unene, namwepua.

Baba Jikoni, Dar es Salaam

Dada, kuhusu kulowa, nilihangaika muda mrefu nikiilaumu jibini, kumbe maji yalitoka kwa kuku niliyemkata angali moto, na kwa nyanya nilizokuwa nikizifungia ndani. Sasa nampumzisha kuku dakika 10, namkata vipande vidogo, na majimaji yanayobaki kwenye ubao siyarudishi. Nyanya, vitunguu, pilipili, giligilani na ndimu hukaa bakulini pembeni; Wameksiko nao wana mchanganyiko huohuo, na yeyote aliyekulia kwenye kachumbari hatauona mgeni. Jibini naitandaza chini ya kuku na juu yake, ili ishike pande zote mbili, kisha naweka kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika 2 au 3 kila upande.

Kwa kuwa tortiya za dukani ni ghali, nimejaribu pia chapati. Zile zetu za kukunja tabaka hujaa mafuta na kuteleza, lakini nikisukuma unga ule ule uwe mwembamba, bila tabaka, na kuubabua kidogo tu, hufaa kabisa. Mama mkwe alisema hizo ni chapati zilizokosewa, kisha akala tatu.

Mama Watatu, Houston

Nashukuru, shikamoo Bi Mkubwa. Jana nimefuata ya kaka wa Dar kuhusu kumpumzisha kuku, na kwa mara ya kwanza tortiya zimekauka zikalia chini ya kisu. Mwanangu wa mwisho bado ananyofoa kuku wote na kuacha jibini, kwa hiyo wiki ijayo nitapika kilo moja na nusu.