DVD ya harusi inatoka bubu kwenye deki, ilhali faili zote zina sauti kwenye kompyuta

fundi_picha

Habari wakuu. Nina video ya harusi yenye vipande vitatu vya kuchomwa kwenye DVD moja: ibada kanisani (kamera, sauti imevutwa kwa waya kutoka kwenye miksa ya kwaya), ukumbini (simu), na salamu za bibi zilizorekodiwa kwa simu ya zamani. Nikivifungua kwa VLC (programu ya kuchezea video) vyote vina sauti.

Nimeviunganisha kwenye programu ya kutengenezea DVD, kwenye sauti nikachagua ibaki ilivyo ili ubora usishuke, nikachoma. Kwenye deki picha ni safi, ila ukumbini na salamu ni kimya. Kanisani ndiyo ya ajabu: kwenye TV ya chogo mchungaji hasikiki, nikichomeka hedifoni anasikika vizuri tu. Nimechungulia diski nikakuta folda ya AUDIO_TS ni tupu. Je, sauti ilitakiwa kuwa humo?

sabufa_moja

Mkuu, AUDIO_TS iache. Hiyo ni ya diski za DVD-Audio, na kwenye DVD ya video huwa tupu siku zote. Sauti ya filamu iko ndani ya faili za VOB kwenye VIDEO_TS, pamoja na picha.

biti_kwa_biti

Kabla ya kubadilisha chochote, jua kwanza sauti imepotelea wapi. Fungua VIDEO_TS ya diski hiyo uchunguze faili la VTS_01_1.VOB (linaloishia na _0 ni la menyu, halihusiki) kwa ffprobe, zana ya kukagua faili inayokuja na programu ya ffmpeg, ukiandika kwenye dirisha la amri:

`ffprobe -hide_banner -analyzeduration 100M -probesize 100M VTS_01_1.VOB`

Namba hizo kubwa ziweke makusudi. Sauti ikichelewa kuanza, ffprobe huishia kusoma mwanzo tu na kukuambia hakuna sauti wakati ipo. Faili moja la VOB halizidi GB 1, kwa hiyo kagua na yanayofuata, _2, _3, mpaka ufike sehemu ya ukumbini. Usipoona mstari wa Audio, sauti imeachwa wakati wa kubadilisha. Ukiuona, tatizo ni aina ya sauti au deki yenyewe.

Pitisha ffprobe na kwenye faili zako tatu za awali, utuwekee mistari ya Audio hapa.

fundi_picha

Nimefanya. VOB ya kanisani inaonyesha pcm_dvd, 48000 Hz, stereo. Za ukumbini na salamu hazina mstari wa Audio kabisa. Faili za awali:

kanisani.mp4: pcm_s16be, 48000 Hz, stereo
ukumbi.mp4: aac (LC), 44100 Hz, mono
salamu.3gp: amr_nb, 8000 Hz, mono

biti_kwa_biti

Basi jibu liko hapo hapo. DVD ya video haipokei kila sauti. Inayokubalika ni AC-3 (Dolby Digital), PCM isiyobanwa, MP2, na DTS kama nyongeza. AAC haimo, AMR haimo. Halafu 44100 Hz ni ya CD za muziki, DVD inataka 48000. Ulipoiambia programu iache sauti ilivyo, PCM ya kanisani ilipita kwa sababu ni halali, hizo mbili zikaachwa nje bila hata onyo. VLC haikukuonyesha tatizo kwa kuwa yenyewe inasoma karibu kila kitu, kwa hiyo usiitumie kama shahidi wa deki.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Vipande vyote vilivyo kwenye kundi moja la VTS (fungu la video kwenye diski) vinatangaziwa aina moja tu ya sauti. Hata kama programu ingekubali PCM hapa, AC-3 pale na MP2 kule, deki inaweza kunyamaza ikifika kipande cha pili. Kwa hiyo badilisha vyote vitatu vifanane kabla ya kuviunganisha:

`ffmpeg -i ukumbi.mp4 -map 0:v:0 -map 0:a:0 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:a 192k -ac 2 -af aresample=async=1 ukumbi.mpg`

`-target pal-dvd` inakupa picha ya MPEG-2 ya 720x576, fremu 25, sauti ya AC-3 ya 48000 Hz. Yenyewe huweka sauti 448k, ndiyo maana kuna `-b:a 192k`. `-ac 2` inafanya mono iwe chaneli mbili ili ilingane na wenzake. `-map` inahakikisha sauti ya kwanza ndiyo inayochukuliwa. Bila hiyo, faili lenye sauti kadhaa unaweza kuchukuliwa usiyoitaka. `aresample=async=1` inaziba mapengo ya muda, maana video za simu huwa nayo.

Rudia kwa salamu.3gp. Itapanda kwenda 48000 lakini itabaki na ubora wa simu ya mkononi, hapo hakuna dawa. Kama video hiyo imepigwa kwa upana wa TV za zamani, itavutwa pembeni na watu watanenepa; kabla ya `-af` ongeza `-vf scale=540:576,pad=720:576:90:0` ibaki na mistari myeusi pembeni.

waya_mwekundu

Kanisani ni ugonjwa mwingine kabisa, wala si wa DVD. Waya kutoka kwenye miksa ulikuwa wa XLR (ule wa maiki wenye pini tatu) ukaishia kwenye pini ndogo ya 3.5 mm ya stereo, sivyo? XLR inabeba sauti ileile mara mbili, pini ya 2 ikiwa wima na ya 3 ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Kamera ikaipokea moja kama kushoto, nyingine kama kulia. Kwenye hedifoni kila sikio linapata ya kwake, unasikia. TV ya spika moja inazijumlisha, zinafutana, kimya.

Hakikisha kwa amri hii:

`ffmpeg -i kanisani.mp4 -ac 1 jaribio.wav`

Kama jaribio.wav halina sauti ya mchungaji, ndiyo hiyo. Dawa ni kuchukua upande mmoja na kuuweka pande zote mbili. Katika amri ya mkuu hapo juu, badala ya `-af aresample=async=1` andika:

`-af "pan=stereo|c0=c0|c1=c0,aresample=async=1"`

Alama za nukuu usiziache, la sivyo kompyuta itadhani hiyo | ni amri nyingine. Safari ijayo tumia waya unaochukua pini ya 2 na ya ardhi tu, au kiboksi cha kubadilishia.

mzee_wa_kanda

Kwa nini AC-3 na si MP2? Huku kwetu mfumo wa TV ni PAL, na MP2 ni ya PAL.

biti_kwa_biti

Kwa deki za PAL, MP2 itaimba, sikatai. Ila deki za NTSC (mfumo wa TV wa Marekani) hazilazimishwi kuisoma, wakati AC-3 inasomwa kote. Japo kama DVD inakwenda kwa ndugu walioko Marekani, sauti ni nusu ya kazi: tengeneza nakala nyingine kwa `-target ntsc-dvd`, maana deki nyingi za kule hazitaki PAL.

PCM nayo ni nzuri lakini inakula nafasi. Stereo ya biti 16 ni 1536 kbps, saa mbili ni karibu GB 1.4 kwenye diski ya GB 4.7. Na jumla ya picha na sauti haitakiwi kuvuka 10.08 Mbps. Mtu anayepandisha picha mpaka 9.8 halafu akaweka PCM juu yake amevuka, na deki huanza kukatakata sauti. Kwa saa mbili weka picha `-b:v 4700k` na AC-3 192k, vyote vitaenea.

Kuunganisha kwa programu ya dvdauthor, kwenye Windows:

`set VIDEO_FORMAT=PAL`
`dvdauthor -o DVD -t kanisani.mpg ukumbi.mpg salamu.mpg`
`dvdauthor -o DVD -T`

Linux badala ya set ni export. Pitisha tena ffprobe kwenye VOB zote. Ukiona ac3, 48000 Hz, stereo, choma kwa programu ya ImgBurn. Anza na DVD+RW ili ukikosea ufute.

fundi_picha

VOB zote sasa zina ac3, na jaribio.wav kweli lilikuwa kimya. Nimechoma. TV ya chogo inaongea kuanzia kanisani hadi salamu. Ila deki ya jirani, yenye waya wa HDMI, haitoi kitu, na CD za kawaida inazipiga.

sabufa_moja

Hiyo sasa ni deki. Ingia SETUP, sehemu ya Audio, tafuta Digital Output au SPDIF. Ikiwa kwenye Bitstream au RAW, deki inarusha AC-3 ikiwa bado imebanwa, na TV hiyo haiwezi kuifungua. CD inapita kwa sababu yenyewe ni PCM tayari. Weka PCM.